Githurai 45: Ubora wa kemisti upimwe ukutani au kaunta?

Kila mara Bodi ya Dawa na Sumu, yaani PPB, inapoendesha msako wa maduka ya dawa yasiyo na leseni, wakazi wa mitaa kama Githurai 45 huachwa na swali ambalo msako wenyewe haulijibu. Kemisti iliyofungwa leo ilikuwa ikiuza dawa jana. Ilikuwa na msalaba wa kijani mlangoni, kabati za vioo, na mtu wa koti jeupe ambaye kila mteja alimwita daktari. Ya jirani, ambayo haikuguswa, ina msalaba uleule na koti lilelile. Mteja atajuaje ni ipi iliyomuuzia dawa salama? Wapo wanaoamini kwamba zilizofungwa ziliuza dawa feki. Wapo wanaosema wenye maduka hayo walikosa tu kutoa kitu kidogo. Na wapo waliokwisha kukata tamaa, wakawa wananunua popote palipo karibu na steji. Kila kundi lina chembe ya ukweli, na ndiyo maana ubishi hauishi.

Hoja ninayoitetea ni kwamba tunapotaja ubora wa kemisti tunachanganya viwango vitatu tofauti: leseni ya duka, uzima wa dawa yenyewe, na namna dawa inavyotolewa kwa mgonjwa. Nguvu nyingi za serikali huelekezwa kwenye kile cha kwanza kwa sababu ndicho kinachoonekana ukutani. Madhara mengi hutokea kwenye kile cha tatu, ambacho hakuna anayekikagua.

Sheria, mpaka na wasimamizi wengi

Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ni ya mwaka 1957. Ilitungwa kabla ya uhuru, wakati Ruiru ilikuwa mashamba ya kahawa na mkonge. Msingi wake haujabadilika sana: sumu na dawa ziuzwe chini ya mtu aliyesajiliwa, ndani ya jengo lililosajiliwa, na leseni ihuishwe kila mwaka. Kenya ina ngazi mbili za watu wanaokubaliwa kusimamia duka la rejareja. Kuna mfamasia mwenye shahada, na kuna mtaalamu wa dawa wa diploma, ambaye mara nyingi amesomea chuo cha mafunzo ya tiba cha serikali, KMTC. Tofauti hii ni muhimu kuielewa, kwa sababu kinyume na inavyodhaniwa, duka lisilo na mfamasia wa shahada si lazima liwe haramu. La mtaalamu wa diploma ni halali kabisa, mradi jina lake liko kwenye rejista na yeye mwenyewe ndiye anayelisimamia.

Kisha ikaja Katiba ya 2010. Jedwali la Nne linazipa kaunti huduma za afya na kutaja wazi vituo vya afya vya kaunti pamoja na famasia. Usajili wa majengo na wataalamu, hata hivyo, ulibaki kwa bodi ya kitaifa. Sheria ya Afya ya 2017 iliahidi chombo kimoja cha kusimamia dawa na vifaa vyote vya tiba, lakini miaka mingi baadaye PPB ndiyo inayoendelea kuibeba kazi hiyo chini ya sheria ya 1957 iliyotiwa viraka. Matokeo yake mlangoni pa kemisti ni kwamba mwenye duka hulipia kibali cha biashara cha kaunti na leseni ya PPB. Akiwa na chumba cha nyuma cha kudunga sindano, anaingia mikononi mwa baraza la madaktari, la matabibu au la wauguzi, na akipima damu anawahusu wasimamizi wa maabara. Kanjo, yaani askari wa kaunti, anapokuja kudai kibali, mteja aliyesimama hapo hudhani duka limekaguliwa. Kumbe kilichokaguliwa ni kodi.

Githurai inaongeza ugumu wake. Githurai 45 iko Kaunti ya Kiambu, eneo bunge la Ruiru. Ukivuka kidogo uko Nairobi. Sensa ya 2019 iliupa mji wa Ruiru watu wapatao 490,000, na barabara kuu ya Thika iliyokamilika 2012 imeufanya mtaa huu kuwa kitanda cha wafanyakazi wa jiji. Watu hutoka alfajiri na kurudi jioni, na dawa hununuliwa wakati huo wa kurudi, kati ya kushuka matatu na kufika kwa mama mboga. Muuzaji aliyefungiwa upande mmoja wa mpaka anaweza kukodi chumba upande wa pili bila wateja wake kutembea robo saa zaidi.

Viwango vitatu ndani ya duka moja

Tuanze na dawa yenyewe, maana ndiyo inayowatia watu hofu kuliko yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba takriban bidhaa moja ya tiba kati ya kumi katika nchi za kipato cha chini na cha kati ni duni au ya kughushi. Maneno hayo mawili hayafai kuchanganywa. Dawa duni imetoka kwa mtengenezaji halali ila haikufikia kiwango, ama tangu kiwandani ama kwa kuharibiwa na joto na unyevu njiani. Dawa ya kughushi imetengenezwa na mtu anayedanganya jina, chanzo au kilichomo. Na kuna kundi la tatu ambalo halina kosa lolote, yaani dawa ya bei nafuu isiyo na jina kubwa, inayotengenezwa kihalali baada ya hataza kuisha au kwa ruhusa. Kenya ilishawahi kuyachanganya haya hata ndani ya sheria. Sheria ya Kupambana na Bidhaa Ghushi ya 2008 ilieleza bidhaa ghushi kwa upana uliotishia dawa hizo nafuu, hadi watu watatu wanaoishi na virusi vya Ukimwi wakaenda Mahakama Kuu. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba vipengele hivyo vilihatarisha haki yao ya uhai na afya. Uamuzi huo haujashuka hadi mtaani. Bado kuna mteja anayekataa tembe ya shilingi tano akidai ni feki, akanunua ileile kwa jina jingine kwa bei mara kadhaa.

Dawa ya kughushi ikiingia, huua. Ituri, mashariki ya Kongo, kati ya mwisho wa 2014 na Agosti 2015, zaidi ya watu elfu moja walipatwa na mikazo ya ghafla ya uso, shingo na ulimi. Kwanza ilidhaniwa ni homa ya uti wa mgongo. Uchunguzi ukaonyesha kwamba tembe zilizoandikwa diazepamu zilikuwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili. Wagonjwa 11 walifariki. Hapa Kenya, mwaka 2011, iligunduliwa Zidolam-N ya kughushi, dawa ya kupunguza makali ya virusi, na aliyeigundua ni shirika la Madaktari Wasio na Mipaka ndani ya mradi wake wa tiba. Yafaa kulitafakari hilo. Bidhaa hiyo haikukutwa kwenye kibanda cha mtaani, ilikutwa kwenye mkondo ambao kila mtu angeuamini. Duka lenye cheti safi linaweza kuuza dawa mbaya bila kujua, kwa sababu ubaya uliingia ngazi ya jumla.

Ndiyo maana kumbukumbu za ununuzi zina uzito kuliko koti jeupe. Aprili 2024 PPB iliagiza bechi moja ya dawa ya kikohozi ya watoto aina ya Benylin irudishwe, baada ya wadhibiti wa Nigeria kusema wamekuta ndani yake dayethilini glaikoli, kemikali yenye sumu ya familia iliyohusishwa na vifo vya watoto 66 nchini Gambia mwaka 2022. Mtengenezaji alisema vipimo vyake havikuiona sumu hiyo, lakini ubishi huo ni wa maabara. Kwa mwenye kemisti agizo lilikuwa jambo la saa chache: je, bechi ile niliinunua, lini, kwa nani, na chupa ngapi zimeshatoka? Aliye na risiti za muuzaji wa jumla angejibu. Aliyenunua mkononi kwa kijana mwenye begi hana pa kuanzia, hata kama leseni yake imetundikwa ndani ya fremu ya dhahabu.

Sasa kiwango cha tatu, kile cha kaunta. Mtoto ana homa, na mama ana shilingi mia. Kinachofuata ndicho kiini cha jambo hili. Muuzaji anauliza umri na uzito, au haulizi? Anauliza kama mtoto amepimwa malaria, akikumbuka kwamba Nairobi na viunga vyake ni eneo ambako homa nyingi si malaria? Anauza antibiotiki ya siku mbili kwa sababu ndiyo pesa iliyopo? Anakata stripu kwa mkasi, na kipande chenye tarehe ya kuisha na nambari ya bechi kinabaki dukani huku mteja akiondoka na tembe nne ndani ya bahasha ya kaki? Dawa hiyo inaweza kuwa halisi, duka likawa na leseni, na bado mtoto akadhurika. Hakuna stika ya ukutani inayoliona kosa hilo.

Mfano mzuri wa tofauti hii ni mpango wa ruzuku ya dawa za malaria ulioanza Kenya mwaka 2010, ule wa pakiti zenye alama ya jani la kijani zilizopendekezwa kuuzwa shilingi 40. Dawa bora ilifika hadi maduka madogo kwa bei ambayo mtu wa kibarua angeweza kuilipa. Kwa upande wa bidhaa huo ulikuwa ushindi. Lakini kila pakiti iliyonunuliwa na mtu mwenye homa isiyo ya malaria ilikuwa dawa bora iliyotolewa vibaya, na ugonjwa halisi wa mtu huyo uliendelea bila kutibiwa.

Hoja ya kufunga maduka

Wanaotetea msako wana sababu nzito. Sheria iliyoandikwa na kuachwa ni mbaya kuliko kukosa sheria, kwa vile mwaminifu anayelipia leseni na kumwajiri mtaalamu hushindana na mtu asiyelipa chochote. Mtu asiye na mafunzo anayeuza dawa za usingizi bila kuuliza huchangia hata uhalifu. Wanaoishi kando ya barabara ya Thika wanajua maana ya kutiliwa mchele, yaani dawa ya kulewesha, kwenye kinywaji. Tena ukosefu wa leseni mara nyingi hufuatana na makosa mengine, kwa kuwa muuzaji wa jumla mwenye kujiheshimu hataki kumuuzia mtu asiyesajiliwa, hivyo huyo hulazimika kununua uchochoroni. Kufunga duka la namna hiyo ni kukata mkondo wa dawa zisizojulikana zilikotoka.

Udhaifu wa msako uko kwenye kile unachoweza kukiona. Mkaguzi akiingia anakuta cheti au hakipo, mtaalamu yupo au hayupo, friji inafanya kazi au imezimwa. Hayo ni ya maana, ila ni picha ya dakika moja. Kuna mtindo unaojulikana sana katika biashara hii wa mtaalamu kukodisha cheti chake: jina linatundikwa ukutani, mwenyewe yuko kwenye ajira nyingine, na kaunta imeachiwa binti aliyefundishwa bei za dawa wiki iliyopita. Duka hilo linapita ukaguzi wa karatasi. Vilevile ukaguzi ni kazi ya ofisi, na ofisi hufungwa saa kumi na moja jioni, ilhali Githurai inanunua dawa saa moja usiku. Habari ya msako nayo hutembea haraka kuliko gari la bodi, na milango ya chuma huteremka barabara nzima kabla mkaguzi hajashuka. Watafiti wakiongozwa na Francis Wafula walichapisha mwaka 2013 utafiti kuhusu wakaguzi wa ngazi ya chini na wenye maduka ya dawa nchini Kenya, wakauliza kama sheria inawalinda wananchi au imeweka kizingiti juu mno. Swali hilo linafaa kuulizwa tena kila msako, maana kizingiti kisichofikika huzaa njia ya kukipita, na njia hiyo kwa kawaida hulipiwa mkononi.

Somo la Ruvuma na mipaka yake

Tanzania ilichukua njia nyingine. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, mamlaka ya dawa ya wakati huo, TFDA, pamoja na shirika la Management Sciences for Health, zilianzisha Duka la Dawa Muhimu. Kabla yake kulikuwa na duka la dawa baridi, lililoruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti pekee. Kila mtu alijua kwamba liliuza na nyinginezo. Badala ya kuendelea kujifanya hailioni, serikali iliwafundisha wauzaji na wenye maduka, ikaweka masharti ya jengo na kumbukumbu, kisha ikaruhusu orodha fupi ya dawa za cheti, zikiwemo antibiotiki chache za kawaida. Mpango ulienea nchi nzima, na Uganda ikaufuata kwa maduka yake madogo.

Nguvu ya njia hii ni ukweli wake. Inakubali kinachotendeka, kisha inakifunga ndani ya orodha. Muuzaji ana cha kupoteza, kwa hiyo ana sababu ya kutii. Wapinzani Kenya husema kufanya hivyo ni kumtuza mvunja sheria, na kwamba mtaalamu aliyesoma miaka mitatu kwa mkopo hatakubali kushindana na aliyesoma wiki kadhaa. Hoja ya kwanza ina jibu: anayetuzwa ni yule anayebadilika, na asiyebadilika hufungiwa bila kisingizio. Hoja ya pili ni ngumu zaidi, na kwa Githurai naiona inashinda. Ruvuma ilikuwa na upungufu wa wataalamu. Kiunga cha Nairobi hakina upungufu huo. Vyuo hutoa wahitimu wa diploma kila mwaka, wengine wakitafuta kazi. Tatizo la hapa ni kwamba mtaalamu hasimami kaunta, si kwamba hapatikani. Kuleta ngazi mpya chini yake kungempa mwenye duka sababu nyingine ya kutomwajiri. Cha kuchukua kutoka Ruvuma si cheo kipya. Ni ile tabia ya kuandika orodha fupi inayotekelezeka na kuwapa watu muda uliowekwa wa kuifikia.

Soko na simu

Kundi la tatu husema serikali ijiondoe, mteja apewe taarifa na ushindani ufanye kazi. PPB yenyewe imejaribu sehemu ya wazo hili kwa kubandika kwenye maduka yaliyosajiliwa alama ya msimbo ambao mteja anaweza kuutuma kwa ujumbe mfupi na kujibiwa kama duka linatambulika. Minyororo ya maduka ya dawa nayo imeongezeka, pamoja na wauzaji wa mtandaoni kama MYDAWA aliyeanza 2017. Wanaponunua kwa wingi wanaweza kumdai msambazaji nyaraka, na jina lao likichafuka tawi moja, matawi yote hupata hasara. Hiyo ni nidhamu ambayo mkaguzi hawezi kuileta peke yake.

Ila msimbo hujibu swali la kwanza kati ya yale matatu, tena kwa mtu mwenye utulivu wa kuuliza. Mzazi mwenye mtoto anayetapika hatumi ujumbe kwanza. Minyororo nayo hufuata mteja mwenye bima na kadi, ndiyo maana utaiona ndani ya majumba ya biashara kando ya barabara kuu kabla ya kuiona vichochoroni Kimbo au Mwihoko. Na ushindani kwenye dawa una kasoro ambayo ushindani wa unga hauna: mteja hawezi kuonja ubora. Anachoweza kukilinganisha ni bei na upesi wa kupewa anachotaka, na kwenye vipimo hivyo viwili duka linalokataa kuuza antibiotiki bila cheti hushindwa na jirani yake kila siku.

Fundo la antibiotiki

Hapo ndipo mvutano wote unapokutana. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kukabili usugu wa vimelea tangu 2017, na sheria iko wazi kwamba antibiotiki hutolewa kwa agizo la daktari. Ikitekelezwa kesho asubuhi bila kingine kubadilika, mtu wa Githurai mwenye maambukizi ya mkojo atalazimika kulipia kumwona daktari kabla ya kulipia dawa, au apoteze siku ya kibarua kwenye foleni ya Ruiru au Thika. Wengine wangengoja hadi hali iwe mbaya. Isipotekelezwa, kila kikohozi kitaendelea kuondoka na amoksilini nusu dozi, na dawa zitaishiwa nguvu kwa wote, wakiwemo waliokuwa waangalifu. Wanaosema chaguo ni rahisi, kwa upande wowote, hawajamhesabu mtu anayelipa gharama.

Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani, unaogawa antibiotiki katika kundi la matumizi ya kawaida, la kuangaliwa na la akiba, unatoa njia ya katikati. Makundi mawili ya mwisho yawe marufuku kabisa bila agizo, na hapo adhabu iume. Kwa dawa chache za kundi la kwanza, mtaalamu aliyesajiliwa na aliyepo mwenyewe angeweza kuruhusiwa kutoa dozi kamili kwa maradhi machache yaliyoandikwa, akiweka kumbukumbu. Najua pingamizi: ukifungua mlango kidogo, utasukumwa wote. Lakini mlango huu hivi sasa hauna hata bawaba. Kumpa mtaalamu ruhusa yenye sharti la kuwepo kunafanya uwepo wake uwe na thamani ya pesa kwa mwenye duka, jambo ambalo faini haijaweza kulifanya.

Mizani

Nikiyapima haya yote, siwezi kuunga mkono msako kama sera kuu, wala kuuacha kabisa. Duka lisilo na mtu yeyote aliyesajiliwa lifungwe, na lisifunguliwe kwa maombi. Duka lenye mtaalamu wa kweli lakini lenye upungufu wa jengo, rafu au kipimajoto lipewe muda ulioandikwa. Duka lenye cheti cha kukodi lihesabiwe kuwa baya kuliko lisilo na cheti, kwa sababu linadanganya mara mbili, na mwenye cheti aadhibiwe pamoja na mwenye duka. Hii inabadilisha mpangilio wa sasa wa macho yetu: asiye na karatasi huonekana mkosaji mkubwa, na aliyekodi karatasi huonekana safi.

Kisha ukaguzi uhamie kaunta. Uje jioni. Uombe vitu vitatu tu kwanza: mtaalamu aonyeshe kitambulisho chake, risiti za ununuzi za miezi michache zilizo na nambari za bechi, na kumbukumbu za joto za friji inayohifadhi insulini, ambayo inatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8. Vitu hivyo haviwezi kubuniwa mlango ukiwa unagongwa. Baada ya hapo watumwe wateja wa siri, mtu anayeigiza mgonjwa na kuandika alichoulizwa na alichouziwa. Mbinu hii si ngeni. Watafiti waliitumia katika vituo vya afya vya Nairobi na matokeo yakachapishwa 2017. Itasemwa ni mtego. Ni mtego kweli, ila kwa daktari wa kuigiza tu. Mtaalamu anayeuliza maswali yake kila siku hana cha kuogopa, na matokeo ya mara ya kwanza yanaweza kuwa mafunzo badala ya kesi.

PPB ina pia fomu ya manjano ya kuripoti madhara ya dawa na ya waridi ya kuripoti dawa inayotiliwa shaka, pamoja na njia ya mtandaoni ya kufanya hivyo. Kemisti ni mahali ambapo mgonjwa hurudi kulalamika kwanza, kabla ya hospitali. Duka lisilowahi kupeleka ripoti hata moja mwaka mzima, likihudumia umati wa Githurai, linatoa habari fulani kwa ukimya wake, na habari hiyo ingefaa kuingia kwenye uamuzi wa kuhuisha leseni.

Pingamizi la mwisho ni la pesa, na sitaki kulipita upesi. Mtaalamu wa kusimama kaunta hadi saa tatu usiku ana mshahara, friji ina umeme, kumbukumbu zina muda. Gharama hizo zitaingia kwenye bei, na anayenunua tembe nne hataweza kununua hata tatu. Maduka mawili au matatu yaliyobanana yakiungana kuwa moja yangeweza kubeba mshahara huo, na Githurai ina milango ya kutosha inayotazamana ikiuza vitu vilevile. Hilo lingesaidia, si kumaliza. Sehemu kubwa ya wateja hao wamo kaunta kwa sababu zahanati ya umma iliwapa karatasi badala ya dawa. Mfuko wa huduma za msingi ulioanza chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, Oktoba 2024 umekusudiwa kulipia tiba hiyo katika zahanati na vituo vya afya bila mgonjwa kutoa chochote. Ahadi hiyo ikitimia rafuni, dawa ya presha na ya sukari ikawepo kila mwezi, mwenye shilingi mia hatahitaji kumwomba muuzaji amkatie stripu. Isipotimia, kila sharti jipya litakalowekwa kwa kemisti litalipwa na mgonjwa huyohuyo, na PPB, Kiambu na Nairobi zitapaswa kusema wazi kwamba zimelichagua hilo.